Skeiti za hoki ya barafu: hela niiweke kwenye chuma au nibadilishe holda?

MamaDifensi_Edmonton

Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa wanaoijua hoki ya barafu. Binti yangu ana miaka 12, anacheza U13 hapa Edmonton, nafasi yake ni difensi. Ana buti za Bauer zenye holda ya Tuuk Lightspeed Edge (holda ni ile plastiki chini ya buti inayoshika bledi, yaani chuma cha kutelezea), ile ambayo bledi unaitoa kwa kuvuta kitriga tu, huhitaji bisibisi. Tulizinunua mtumba ila buti lenyewe bado liko imara sana na linamkaa vizuri. Shida ni makali. Tunanoa Alhamisi, ikifika Jumapili mechi ya pili anarudi benchi analalamika kwamba mguu wa kulia unamteleza akikata kona, na akienda kinyumenyume ndo kabisa, sasa difensi asiyeweza kurudi nyuma atacheza nini?

Dukani wameniambia ninunue chuma cheusi chenye koting. Mzazi mwenzangu anasema holda za Bauer ndo tatizo, nihamie CCM, ile kampuni nyingine ya skeiti, na mwingine kaja na habari za Step Steel, bledi za kampuni ya Step. Bei zinapishana mno. Naomba mnieleweshe tofauti yenyewe hasa ni nini, na kwa mtoto ambaye bado anakua hela niitupie wapi? Sibani hela, ila nataka nijue ninachonunua.

FundiMakali_MN

Karibu dada. Mimi nanoa skeiti kwenye duka la uwanja hapa Minnesota, hizi bledi napitisha mikononi kutwa nzima, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu.

Kabla ya yote umesema mguu wa KULIA. Hapo ndo pa kuanzia, maana kama chuma kingekuwa kibovu basi miguu yote miwili ingemteleza, zile bledi mbili zimetoka pamoja, zimenolewa siku moja na mtu mmoja. Mguu mmoja ukiteleza tafuta kwanza kasoro ya mguu huo kabla hujatoa hata senti.

Fanya hivi nyumbani. Geuza buti juu chini kwenye mwanga mzuri, tazama bledi kwa urefu wake. Katikati kuna kamfereji kamechongwa na pembeni makali mawili, la ndani na la nje. Makali mazima hayarudishi mwanga, ukiona sehemu inametameta kama kamstari keupe hapo pamelala au pamekatika. Halafu pitisha ukucha taratibu kwa kukatisha kutoka pembeni, unatakiwa ukwaruze kaunga kadogo ka kucha urefu wote, pale unapoteleza bila kukwaruza ndo penye shida. Kisha laza sarafu juu ya bledi ikatishe makali yote mawili, uitazame kutoka nyuma. Ikiinama upande mmoja basi mashine iliyonoa haikuwekwa sawa, kali la upande mmoja liko juu kuliko lingine, na hapo hata ununue chuma cha bei gani mtoto atateleza tu.

La mwisho na usilisahau, shika bledi kwa vidole uitikise kwa nguvu kushoto kulia. Isicheze hata kidogo.

Sasa kuhusu chuma. Karibu zote ni stainless, tofauti inakuja kwenye mchanganyiko na namna kilivyopikwa kwenye moto na kupozwa. Kilaini makali yanalala haraka. Kigumu kinatunza makali muda mrefu, ila kikizidi ugumu ukigonga nguzo ya goli au bledi ya mwenzio kinamegeka badala ya kupinda. Kwa hiyo chuma kizuri ni kile kilichopata kipimo, na hicho hukioni kwa macho, unakijua kwa kuona kimekaa mechi ngapi kabla hakijarudi kwangu.

Ile koting nyeusi iko pembeni. Chini ambako jiwe la kunolea linapita inaondoka siku ya kwanza tu, inabaki kwenye mbavu za bledi. Inasaidia kutu, na zile za gharama mara nyingi na chuma chenyewe ndani ni bora, ndo maana watu wanazisifu. Ila ulipie chuma, usilipie weusi. Step wamejijengea jina kwa vitu viwili, makali yanakaa, na chuma chao ni kirefu kwenda juu. Huo urefu una maana, kila tukinoa tunapunguza, na bledi ikishakuwa fupi sana mchezaji akilala kwenye kona plastiki ya holda inagusa barafu, chuma kinanyanyuka, anakwenda chini. Pima ya kwako ulinganishe na mpya dukani, inawezekana imeliwa sana ukizingatia ni mtumba.

BabaWatatu_Ottawa

Namuunga mkono fundi ila kuna jambo wazazi hatuambiwi dukani. Chuma kinakwenda na saizi ya holda, na holda inakwenda na saizi ya buti. Angalia kwenye plastiki ya holda utaona namba kama 254, 263, 272, 280, hiyo ni milimita. Leo unanunua chuma kizuri cha 263, mwaka ujao mguu umekua, buti jipya linakuja na 272 na kile chuma hakiingii tena, unabaki kukitangaza mtandaoni kwa nusu bei. Kijana wangu mkubwa mguu umeshasimama, huyo nimemwekea chuma cha bei na kweli anakaa nacho muda mrefu bila kunoa, tofauti ninaiona kabisa. Wadogo zake wawili wanatumia kile kilichokuja na buti pamoja na seti ya pili ya kawaida ya akiba.

Hiyo seti ya pili dada ndo utajiri wenyewe kwa hizi holda za triga. Bledi ikipigwa na paki (kile kisahani cha mpira wanachochezea) au akikanyaga skrubu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, unavuta, unatoa, unaingiza nyingine, anarudi uwanjani kabla zamu yake haijafika. Kwa zile holda za zamani ilibidi uinue soli ya ndani ufungue nati, mechi inaisha mtoto bado kakaa benchi na buti mkononi.

Na ya kuhamia CCM mimi siioni kabisa. Bledi za Bauer haziingii kwenye holda za CCM, kwa hiyo ni kuanza upya kila kitu.

Mlinzi_Goli254

Nawasalimu kutoka Nairobi 🇰🇪. Sisi huku uwanja wetu ulikuwa ule mdogo wa Panari pale Mombasa Road, na skeiti nyingi zinakuja kwa msaada kutoka nje, so unapata box moja ina Bauer za kitambo, Bauer za triga, CCM, zote zimechanganyika. Ile stori ya kutoingiliana ni ukweli mtupu. Hata Bauer kwa Bauer, chuma ya Lightspeed 2 ya zamani haiingii kwa Edge. Kama unanunua chuma mtumba online usiulize tu “ni Bauer?”, uliza jina la holda na namba ya milimita, na uitishe picha ya zile ncha mbili za juu penye chuma inashikwa, coz hapo ndio zinatofautiana.

Alafu mamaa, anatembea na nini akitoka kwa changing room hadi kwa barafu? Na kwa parking? Makali hayaishii kwa ice, yanaisha kwa simiti.

MamaDifensi_Edmonton

Jamani asanteni, Mungu awabariki. Nimekaa na hizo buti jana usiku. Sarafu imelala sawa miguu yote. Ukucha unakwaruza vizuri, kuna kijipengo kidogo tu kali la ndani la kulia karibu na kisigino. Lakini kutikisa!! Ya kushoto imekaza kama imejengewa, ya kulia inacheza na inatoa kasauti ka tik tik. Nikaangalia kwa tochi, kwenye ile nguzo ya nyuma ya holda kuna ufa mwembamba kama unywele unapanda kuelekea kwenye soli. Binti anasema kuna paki alizuia kwa mguu kabla ya Krismasi iligonga hapo. Je, naweza kuziba kwa gundi ile kali? Na nikibadilisha ni lazima zote mbili?

Kava za plastiki anazo @Mlinzi_Goli254, ila akifika nyumbani zinabaki humo humo mpaka mazoezi yajayo.

FundiMakali_MN

Gundi hapana dada, usijaribu. Ile plastiki inabeba uzito wote wa mtoto kila anapokata kona, ufa ukiachia akiwa kwenye mbio chuma kinatoka na watoto wengine wako karibu. Mwambie asivae hizo mpaka zitengenezwe.

Na huo ndo mtelezo wenyewe. Makali yake ni mazima, lakini akilalia kali la ndani nguzo inafunguka kidogo, bledi inakwepa, anahisi kama imekufa. Jumapili anaisikia zaidi kwa sababu keshaichosha kwa mechi ya kwanza, ukimuuliza atakwambia asubuhi ilikuwa nafuu.

Badilisha holda ya kulia peke yake, inatosha, ilimradi iwe Edge hiyohiyo na namba ileile. Fundi atatoboa ribiti (vile vipini vya chuma vinavyofunga holda kwenye soli) za zamani, atatumia matundu yaleyale kama hayajapanuka. Yakiwa yamepanuka aweke ribiti kubwa zaidi au skrubu zenye nati ndani ya buti. Mwombe mambo mawili: aangalie holda mpya iko kwenye mstari wa katikati ya soli kama ilivyokuwa, na akufungie kwa ribiti zisizoshika kutu pale mbele na kisigino penye jasho. Kile kijipengo kitaondoka kwenye kunoa kwa kawaida, asikuchongee chuma chote kwa sababu ya pengo dogo.

Kava za plastiki ni za kutembelea tu. Akivua, futa bledi kwa kitambaa kikavu, na holda pale chuma kinapozama, kisha uivalishe bledi zile soksi za taulo. Kava ngumu inafungia maji ndani na kutu inakula makali kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Uzito wake kilo ngapi? Na huwa wanamnolea mfereji gani?

MamaDifensi_Edmonton

Kilo 38 hivi. Risiti imeandikwa 5/8, nadhani ni ya inchi.

FundiMakali_MN

Ndiyo, ni inchi. Kwa kilo 38 mfereji huo hauna kina cha kutosha, mtoto mwepesi hana uzito wa kuzamisha makali, hasa barafu ikiwa baridi na ngumu kama za huko kwenu. Holda ikishapona mwambie anayenoa ashuke 1/2, ambayo ina kina zaidi, acheze nayo mechi kadhaa. Ataona inauma zaidi akifunga breki, siku ya kwanza ataigomba, mwache aizoee. Mambo ya kubadilisha umbo la bledi nzima, yaani mpindo wake wa mbele hadi nyuma, futi 9 au futi 10, usiyaguse sasa, kwanza yanachongwa kwenye chuma chochote, hayahitaji holda ya kampuni nyingine.

BabaWatatu_Ottawa

Na ile hela ya chuma cheusi nunua seti ya pili ya kawaida. Namba yako ni ngapi? Nina jozi ya 254 ya Edge hapa, mwanangu mdogo keshaivuka, haijaliwa sana. Ikiwa ndiyo nitumie ujumbe, nitakutumia kwa posta, ulipie stempu tu.

MamaDifensi_Edmonton

254! Nakuandikia sasa hivi kaka.