Mjadala: Nani ana ruhusa ya kufuta alama za uandishi katika vitabu vya wasioona?

Mwenye mada, Kadutu

Ndugu zangu wa Bukavu na wa kwingine, kuna jambo linaloniuma mwezi mzima sasa, naomba tulizungumze. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka 9. Nasoma kwa masikio, kwenye kompyuta yenye NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, na kwa vidole nikibahatika kupata breli. Hapa mjini kuna vijana wenye moyo mzuri: wanachukua vitabu vya karatasi, wanavipiga picha, wanavigeuza kuwa maandishi, kisha wanatugawia kwa kadi ya memori au kwa WhatsApp. Nawashukuru sana. Lakini wana desturi moja. Kabla ya kutupa kitabu wanakisafisha, na kusafisha kwao ni kufuta alama: za kunukuu, mabano, vistari, nukta-mkato, mistari ya mshazari, ritifaa (ile ya kwenye ng'ombe), na katika vitabu vingine hata mikato na alama za kuulizia. Wanasema mashini inazitaja zote na inatuchosha.

Jumamosi nilikaa na mtoto wa dada yangu. Yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi, naye haoni. Nikamwambia aandike sentensi moja juu ya mifugo. Akaandika "ngombe". Nikamwambia umesahau ritifaa. Akanijibu, "Mjomba, kwenye kitabu haimo." Nikafungua kitabu chenyewe, nikapita na mshale herufi moja moja: n, g, o, m, b, e. Kweli haimo. Haimo kwenye ng'ambo, haimo kwenye ng'oa. Na ng'oa ikikosa ritifaa inabaki ngoa, neno lingine kabisa, ile ngoa ambayo mtu huililia akimwonea mwenzake wivu. Mtoto anayeona huokota tahajia kwa macho kila siku, bila hata kufundishwa. Huyu wangu kosa kafundishwa na kitabu.

Basi nauliza: anayemtayarishia asiyeona kitabu, ana ruhusa ya kufuta alama alizoweka mwandishi? Mimi nasema hana. Kunyamazisha alama ni kazi yangu msomaji. Kwenye NVDA nabonyeza Insert na P, nachagua: isitaje alama yoyote, itaje baadhi, itaje nyingi, au itaje zote. Nikisoma hadithi nashusha, nikisahihisha barua napandisha. Ni kufumba na kufumbua. Alama iliyofutwa, lakini, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Mama wa Bagira

Papa, nakuheshimu, ila unasema kama mtu mwenye kompyuta. Mama yangu ana miaka 71 na macho yameisha kwa glakoma. Ana telefoni ndogo ya Android. Sauti yake ni ya Kifaransa, ndivyo tulivyoikuta. Alipoanza kusomewa vitabu vya Kiswahili, katikati ya sentensi anatajiwa alama kwa Kifaransa, moja baada ya nyingine, mpaka akaniambia, "Mwanangu, zima, kichwa kinauma." Mipangilio haijui. Mimi natoka alfajiri kwenda sokoni, narudi usiku, na umeme si wa kila siku. Akipata saa moja ya kusikiliza ni neema. Nakala iliyosafishwa ndiyo iliyomrudishia hamu. Leo unataka hao vijana waache kusafisha. Yeye atasoma nini?

Mwenye mada

Mama, shikamoo kwa bibi. Sitaki akose hata ukurasa mmoja.

Lakini tuangalie kinachomuumiza. Sauti ya Kifaransa ikisoma Kiswahili inaharibu kila kitu, alama ziwepo zisiwepo. U ya "kitabu" inatamkwa kwa midomo iliyochongoka, e ya mwisho wa "ng'ombe" inamezwa. eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, ina sauti ya Kiswahili na ni ya bure. Haipendezi kama sauti ya mtu, ila maneno inayatamka. Tena ndani ya faili la EPUB, yaani kitabu cha kusomea kwenye kompyuta au telefoni, panaandikwa lugha ya kitabu. Ikiandikwa kuwa ni Kiswahili, na sauti ya Kiswahili ikiwepo, kuna programu zinazobadili sauti zenyewe. Hilo vijana wetu hawakuliandika.

Na mkato haumsumbui bibi. Hata usipotajwa jina, programu inaupeleka kwenye sauti, na sauti inapumua pale. Msomee mwenyewe: "Mama, mkubwa amekuja." Halafu ufute mkato: "Mama mkubwa amekuja." Ya kwanza, mtu mwenye cheo yuko mlangoni na mama anaarifiwa. Ya pili, dada mkubwa wa mama amefika kututembelea.

Alama ya kuulizia ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Mfaransa akiuliza anaweza kugeuza mpangilio wa maneno, hata alama ikipotea swali linaonekana. Sisi "Amefika" na "Amefika?" ni neno lilelile, kilichobadilika ni sauti kupanda mwishoni. Ukiifuta ile alama moja, mama aliyekuwa anauliza kwa wasiwasi kama mwanawe amefika anageuka kuwa mtu anayetoa habari. Nimesoma hadithi nzima namna hiyo, mpaka katikati nikidhani wale watu wanajibizana, kumbe wanaulizana.

Mmoja wa watayarishaji, Nguba

Mimi ni mmoja wa hao vijana. Wazee wangu, hatukuamka asubuhi tukaichukia ritifaa.

Kitabu cha kwanza tulichotoa, papa mmoja alitupigia simu siku ileile. Mashini inamsomea: ng, a yenye kofia, euro, alama ya biashara, ombe. Tukafungua faili, tukaona kweli limejaa "ngâ€™ombe". Baadaye tulijua sababu. Programu ya kuandikia huikunja ritifaa yenyewe, na ile iliyopinda ikihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, inashika baiti tatu, yaani vipande vitatu vidogo vya data. Faili likifunguliwa kama vile ni Windows-1252, utaratibu mwingine wa zamani, kila baiti inatokea kama herufi ya peke yake. Wakati ule hatukujua. Tulikuwa na kurasa zaidi ya 200 na betri ya laptopu imebaki kidogo. Tukaagiza zote zitafutwe na pasiwekwe kitu. Papa yule akasikia "ngombe", akashukuru. Tukafanya hivyo kila kitabu.

Kuna na takataka nyingine ambazo hamzijui kwa sababu tunaziondoa kabla. Kwenye yaliyomo, kati ya jina la sura na namba ya ukurasa, kuna mstari wa nukta hamsini. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, "wana-" huku na "funzi" kule. Jina la kitabu linalorudi juu ya kila ukurasa na kuingia katikati ya sentensi. Tukiambiwa tusiguse kitu, mtapata hayo yote. Mtuambie wazi tufute nini, tuache nini.

Mwanafunzi wa sheria, Ibanda

Naona kidogo kwa jicho moja, nasoma kwa sauti. Nasema moja tu. Sheria inayolinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu ya Kongo (RDC) ni sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Kwenye nakala niliyopewa, iliyosafishwa, ni sheria namba 22003. Niliiandika hivyo kwenye kazi yangu ya darasani, na mwalimu akanirudishia na kuniuliza hiyo sheria nimeitoa wapi. Sheria yenyewe ni ya kututetea sisi, na sisi ndio tunaopewa jina lake limevunjika.

Kwenye hesabu ni mbaya zaidi. Sisi tunaandika desimali kwa mkato. Futa mkato kwenye 2,5 na unapata 25. Futa kistari mbele ya 5 uone.

Mama wa Bagira

Ya sheria na ya hesabu nakubali, hayo ni masomo, mtu atafeli. Mimi nasema hadithi za mtu mzima anayetaka kupumzika. Kwa nini kusiwe na nakala mbili?

Mwenye mada

Mama, ningekubali nakala mbili kama mji huu ungezitunza mbili. Lakini unajua vitabu vyetu vinavyosafiri, kadi inatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Inayosambaa ni ile nyepesi. Mtoto wa dada yangu hakuchagua nakala, alipewa iliyokuwepo.

Na kuna watu hatujawataja. Asiyeona wala kusikia anasoma kwa vidole tu, kwenye kifaa kinachoinua nukta za breli. Yeye mashini haimchoshi kwa kelele. Kwa sisi tuliofundishwa breli ya Kifaransa, mkato ni nukta moja, ya 2. Ritifaa nayo moja, ya 3. Alama ya kuulizia ni mbili, ya 2 na ya 6. Kidole kinazipita bila kukawia na kinajua kila kitu. NVDA ukiiambia sauti isitaje alama, kwenye breli zinabaki palepale. Zikifutwa kwenye faili, huyu hana pengine pa kuzipata.

Ndugu wa Nguba, umeniuliza vizuri na umenifundisha. La baiti tatu sikulijua, nilikuwa nimewalaumu kwa uvivu. Nisamehe. Hivi ndivyo ninavyoona. Takataka iliyoletwa na mashini au na mpangilio wa karatasi, ifute bila kuuliza: nukta hamsini za yaliyomo, neno lililokatwa mwisho wa mstari uliunganishe, jina linalorudi juu ya ukurasa liondoe. Alichoandika mwandishi, ukirekebishe bila kukiondoa. Ritifaa iliyopinda ibadilishe iwe iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, utaagiza mara moja kama ulivyoagiza kufuta. Hifadhi kwa UTF-8 na uandike hivyo ndani ya faili, pamoja na lugha. Nyota tatu zinazotenganisha sehemu za hadithi usizifute na kuunganisha aya, maana msomaji ataruka kutoka harusini mpaka msibani bila kujua amevuka. Acha moja, au weka kichwa kidogo. Ukishaandaa kurasa tano za kwanza, nitumie. Mimi na mtoto tutazipita herufi kwa herufi kabla hujaendelea na zingine.

Mmoja wa watayarishaji, Nguba

Kitabu cha ng'ombe bado ninazo picha zake. Naanza nacho upya. Vile vingine sita, picha tulishafuta ili kupata nafasi. Itabidi tutafute tena vitabu vyenyewe, na viwili tuliazimwa na mtu aliyehamia Uvira.

Mama wa Bagira

Sawa, lakini ile nakala ya mama msimnyang'anye mpaka mtu aje kumwekea hiyo sauti ya Kiswahili. Mimi mwenyewe siwezi.

Mwenye mada

Haitaguswa. Jumapili baada ya misa nitakuja Bagira na mtoto, yeye ana vidole vyepesi kwenye telefoni kuliko mimi. Uichaji usiku.