Waranti imebaki miezi mitatu: shorumu, gereji ya nje au fundi wangu?

BintiKongowea
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nimenunua pikapu ya dizeli, kebini mbili, kutoka kampuni moja ya usafirishaji huku Changamwe iliyokuwa ikiuza magari yake. Wao walilinunua jipya hapa hapa Kenya, si la Japani. Waranti ni miaka mitatu au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Imebaki miezi mitatu, na dashibodi inasoma 94,100.

Sasa maradhi yake. Asubuhi nikiliwasha linatoa mlio wa tiki-tiki kama dakika moja, halafu kimya. Oili inavuja: juzi nililaza boksi la sabuni chini ya injini, kulipopambazuka nikakuta doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Na nikipita matuta, mbele kushoto panagonga. Kiyoyozi nacho kinapoa siku kinapotaka, na mnajua joto la Machi.

Naona njia tatu. Nipeleke shorumu moja kwa moja. Au nianze na gereji ya nje walipime kwa kompyuta, nijue linaumwa nini kabla sijaenda. Au nimpe fundi wangu wa Makupa, ambaye ameniambia siku mbili anamaliza yote kwa hela kidogo. Shorumu foleni ni wiki mbili. Nyinyi mngefanyaje?

Fundi_Jomvu
Mie ni fundi, kwa hivyo nikikwambia usimpe fundi ujue sina faida nayo. Lisiguswe hata bolti moja. Shorumu wakilala chini wakaona silikoni mbichi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, watasema aliyefungua ndiye aliyeharibu, na hapo utajibu nini? Fundi wako atakula kazi tele waranti ikiisha, hilo gari haliendi popote.

MzeeWaMikindani
Binti yangu, anza na hesabu. Watu huangalia kalenda wakasahau dashibodi. Umebakiwa na kilomita 5,900. Mombasa hadi Nairobi ni kama 480, kwenda na kurudi 960. Ukienda mara sita umemaliza 5,760. Miezi mitatu unayoisema wewe ni ya mtu anayetoka Kongowea kwenda Nyali na kurudi.

La pili, namba ya chesisi. Wapigie shorumu uwasomee, wakwambie waranti ilianza tarehe gani. Inahesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa mwenyewe wa kwanza, si tangu ulipohamisha jina NTSA, kule magari yanakosajiliwa. Kitabu cha sevisi unacho? Makampuni mengine hujifanyia sevisi yadini kwao, na muhuri wanaupiga wenyewe.

BintiKongowea
Kitabu ninacho, mzee. Mihuri yote ya shorumu isipokuwa ile ya 60,000, pako patupu.

MzeeWaMikindani
Rudi kwa waliokuuzia leo hii, si kesho. Omba risiti ya sevisi hiyo, yenye tarehe, kilomita, aina ya oili na filta. Hapo patupu ndipo watakapokukamatia.

Baharia_Likoni
Mie nilifuata njia ya pili, gereji ya nje kwanza. Si mbaya, lakini sikiliza yaliyonikuta. Kijana akachomeka kompyuta yake, akasoma kodi za hitilafu, akaniambia ni sensa fulani. Halafu, kwa wema wake, akaifuta ili taa ya injini isinisumbue njiani. Nikaenda shorumu nikijiona mjanja. Taa imezima, kompyuta yao haioni kitu, wakaniandikia "hakuna hitilafu iliyopatikana". Ilibidi niendeshe wiki tatu nikiomba Mungu taa iwake tena! Iliwaka nikiwa kwenye foleni ya feri, nilifurahi kama nimepata mtoto.

Kwa hivyo ukienda huko, sema mapema: soma tu, usifute. Piga picha skrini na dashibodi yenye kilomita. Wasifungue kitu. Ukishapata orodha yako, nenda kwa wenyewe.

DadaBamburi
Mie ningeruka gereji ya nje. Maradhi yake yanasikika na kuonekana, kompyuta itamwambia nini kuhusu kugonga kwa mguu wa mbele?

Shida ya shorumu ni moja: ukilifikisha saa nne, injini imeshapata moto kwenye foleni ya Makupa, ule mlio haupo. Fundi anasikiliza, anatabasamu, anakwambia dizeli ndivyo zilivyo. Mie nililiacha gari kwao jioni likalala pale. Asubuhi nikafika kabla hawajafungua, nikasimama na yule bwana wa mapokezi tukaliwasha pamoja. Likalia. Akanitazama, nami nikamtazama. Hakusema tena habari ya kawaida ya dizeli.

Jambo jingine ni jobu kadi, ile karatasi wanayoandikia matatizo ya gari unapolipeleka. Usiandike dawa, andika ugonjwa. Ukiandika "badilisheni bushi", zile raba za kwenye mguu wa gari, watakagua bushi, waseme nzima, kadi ifungwe. Andika "linagonga mbele kushoto likipita tuta polepole". Kila kitu mstari wake, na usitie sahihi mpaka uone tarehe na kilomita zimeandikwa. Nakala uondoke nayo. Spea yangu ilichukua wiki saba kufika na waranti ikaishia katikati, lakini kasoro ilikuwa imeandikwa kabla, wakatengeneza bila kunitoza senti. Usihangaike basi kama litatoka limepona ndani ya hiyo miezi. Hangaika liwe limeandikwa.

Kijana_wa_Yadi
Nami nimetoa langu bandarini mwezi uliopita, la miaka minne, kitabu cha Kijapani kimo ndani. Waranti si ipo pia?

Fundi_Jomvu
Usijidanganye, mdogo wangu. Waranti ya kule kwa kawaida ni ya soko la kule. Ukiambiwa yadini "waranti ya injini na giaboksi", hiyo ni ahadi ya mwenye yadi, itake kwa maandishi yenye muhuri wake.

Kijana_wa_Yadi
Ahadi ilikuwa ya mdomo 😔

Mkwajuni
Mnampamba sana shorumu hapa. Breki pedi, klachi, waipa, balbu, vyote hivyo vinaliwa na matumizi, waranti haivigusi, na bei yao ni ya kulilia. Nilipeleka langu kwa mlio mmoja, nikatoka na orodha ya "tunapendekeza" ndefu kuliko ya posa. Binti, kile wanachokataa kutengeneza bure usiwaachie pale pale. Wakuandikie kwamba wamekataa na kwa nini, halafu peleka Makupa.

DadaBamburi
Hapo nakubali. Bushi ndipo penye ugomvi, watasema imechakaa. Na gesi ya kiyoyozi kupungua peke yake si hoja; uliza inavujia wapi.

Baharia_Likoni
Nililisahau hili: lala chini utazame kutu. Gari la kampuni za mizigo limeshinda bandarini na upepo wa chumvi. Kutu ya juu juu ni yako, ila bati likitoboka kutoka ndani, mara nyingi mwili una waranti yake peke yake, yenye muda mrefu zaidi. Soma kitabu.

Chwaka_Mtwapa
Na ile waranti ya kuongeza muda, wanayouza? Kuna aliyewahi kuilipia?

MzeeWaMikindani
Nilipewa karatasi yake nikaisoma. Ukurasa mmoja wa vinavyolipiwa, minne ya visivyolipiwa. Nikawarudishia.

BintiKongowea
Nimerudi na habari, wiki mbili baadaye. Risiti ya 60,000 ilipatikana, ilikuwa kwenye faili la dereva. Gari nililiacha jioni kama alivyosema Dada, asubuhi nikawahi, tukaliwasha mimi na bwana wa mapokezi. Tiki-tiki-tiki. Alitaka kuandika "mlio wa injini", nikamwomba aongeze "ikiwa baridi, dakika moja". Akaongeza.

Oili: ni sili, ile raba ya kuzuia oili isivuje, wamekubali, inatoka Nairobi. Kiyoyozi: bomba linavuja kwenye kiungio, wamekubali. Mlio: wanachunguza bado, ila umo kwenye kadi ukiwa na kilomita 94,380. Bushi wameikataa, "uchakavu wa kawaida", nimeandikiwa na kugongewa muhuri. Fundi wangu wa Makupa anaifunga Jumamosi, ameapa hatagusa kingine chochote.

Wiki ijayo nina shughuli Nairobi. Napanda treni.