Mipira ya ekzosi na ya maji kwenye injini ya boti: ya rejeta ya lori, silikoni au ya waya?

Mvuvi_Kilindoni
Wakuu habari zenu. Niko Mafia, nina boti ya faiba, mipira ya ekzosi na ya maji ya kupozea imechoka yote, imekakamaa na ina nyufa pale kwenye klipu. Nataka nibadilishe kabla ya kusi. Orijino bei niliyotajiwa Dar imenishinda. Nimebaki na tatu: mipira ya rejeta ya lori, ile silikoni ya bluu ya turbo inayouzwa Kariakoo, na mpira mweusi wenye waya ndani ambao jamaa ataniletea kutoka Dubai, huo bei yake mara tatu ya silikoni. Nichukue upi? Hela natoa Ijumaa.

DizeliTanga
Injini gani mkuu? Ya ndani au mashine ya kupachika nyuma? Inapozwa na maji ya chumvi moja kwa moja au ina maji baridi yake yanayozunguka? Ekzosi inatoka kavu au inachanganyika na maji? Na kipimo hujasema, sasa mtu akushauri nini.

Shela_Boy
Chukua silikoni ndugu yangu usijisumbue. Mimi huku Lamu nimeitia mwaka wa tatu huu, haijapasuka wala haijavuja.

DizeliTanga
Umeitia wapi lakini? Upande wa maji baridi au ekzosi? Haya si mambo mamoja. Kuna mpira wa kunyonya kutoka baharini mpaka kwenye pampu, kuna ya kusukuma baada ya pampu, halafu kuna wa ekzosi. Kazi tatu tofauti, mtu anaziita zote "mipira ya maji" ndo anapopotea.

Shela_Boy
Maji baridi. Ekzosi yangu bado ile ya zamani.

Nahodha_wa_Malindi
Hapo DizeliTanga kasema kweli na mimi nna ushahidi, someni mpaka mwisho. Nilikuwa naendesha boti ya mtu, fundi akaweka mpira wa rejeta ya lori upande wa kunyonya, mpira laini hauna waya. Bandarini tukaijaribu taratibu, maji yanatoka vizuri nyuma, tukamlipa fundi tukaondoka zetu na watu saba na mzigo wa madagaa. Tulipofika nje nikaongeza moto kwa sababu ya mkondo, baada ya muda nikaona moshi mweupe nyuma na ule mlio wa ekzosi umebadilika umekuwa mkavu, nikapunguza, maji yakarudi, nikasema labda taka tu. Nikaongeza tena. Kumbe pampu ikivuta kwa nguvu ule mpira unabanwa na kujikunja kama mrija wa soda, ukipunguza unafunguka, kwa hiyo kila ukiangalia unaona mzima. Mara ya tatu mpira wa ekzosi ukaungua pale kwenye elbo, ile kona ya chuma ambapo maji huchanganyika na moshi, moshi wote ukaingia chumbani alipolala kijana mmoja. Tulimtoa amelegea hawezi kusimama, anatapika. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu analala moja kwa moja. Tulimlaza juu kwenye upepo, Mungu akasaidia akapata nafuu. Tukavutwa na jahazi mpaka bandarini. Tangu siku ile upande wa kunyonya siweki mpira usio na waya, hata unipe bure.

Mvuvi_Kilindoni
Pole sana mzee. Ni Yanmar ya ndani, silinda tatu, ekzosi ya maji. Kipimo inchi mbili na nusu, nimepima kwa rula.

DizeliTanga
Umepima nje au tundu la ndani? Mpira unauzwa kwa tundu la ndani. Pima kile chuma cha elbo unapovalishwa, usipime mpira mkongwe umeshatanuka. Na usipunguze saizi, ekzosi ikibanwa injini inakosa pumzi na kuchemka.

Kwa upande wangu, ekzosi chukua ule wa waya, ila mwambie jamaa akupigie picha ya maandishi ubavuni. Wa kweli umeandikwa SAE J2006, hicho ni kiwango cha mipira ya ekzosi ya boti, unajaribiwa kwa kukatiwa maji dakika 2 injini ikiwa inafanya kazi. Kama hauna maandishi ni mpira wa kunyonyea maji shambani tu, na gesi ikitoka bila maji inapita nyuzi 300.

ZiwaTanganyika
Mnajitesa. Huku Kigoma tunapandisha bomba la chuma juu, kavu, tunalifunga kamba ya asbesto, habari ya mpira inaisha.

Nahodha_wa_Malindi
Kwenye boti ya mbao iliyo wazi sawa, na nyie maji yenu hayana chumvi. Kwenye faiba bomba la moto likigusa mahali tu unaunguza boti. Na hiyo asbesto achaneni nayo jamani, vumbi lake linaua mapafu.

ZiwaTanganyika
Mimi nimekua nayo, baba yangu katumia miaka yote.

Shela_Boy
Na klipu je? Silikoni ni laini, zile klipu za matundu zinaila. Mimi natumia za bapa za stenlesi, mbili mbili kila mwisho.

Mvuvi_Kilindoni
Nimepima elbo sasa hivi, ni inchi mbili kamili. Nashukuru, ningenunua mkubwa. Fundi wa hapa anasema tupake grisi ili uingie.

DizeliTanga
Grisi hapana, mafuta yanaozesha mpira. Maji ya sabuni yanatosha. Halafu ukimaliza, injini ikikataa kuwaka usiendelee kupiga stata, funga koki ya maji kwanza. Pampu inajaza silensa maji bila ekzosi kuyasukuma nje, maji yanarudi mpaka kwenye silinda.

Nahodha_wa_Malindi
Silensa yako iko chini ya elbo kwa kiasi gani? Na elbo yenyewe iko juu ya usawa wa maji au chini, boti ikiwa na mzigo?

Mvuvi_Kilindoni
Ngoja maji yajae niipakie ndo nipime. Huku sasa hivi imekaa mchangani.