Naomba ushauri: dakika za kucheza kwa vijana wa chini ya miaka 14

Wakuu, habari zenu. Nafundisha kikapu vijana wa chini ya miaka 14, wako 12. Mechi ni robo 4 za dakika 10, uwanjani wanaingia 5, kwa hiyo nina dakika 200 za kugawa. Kwa usawa kila mmoja angepata kama 16 na ushee. Shida ni robo ya mwisho: pointi zikikaribiana, benchi zima linanitazama mimi. Kuna mmoja hakosi mazoezi, anakaba vizuri kweli, ila akipewa mpira anababaika. Mzazi wake nimwambie nini? Nafikiria kugawa sawa robo 3 za mwanzo, ya 4 wacheze walio moto siku hiyo. Mliofundisha umri huu, mnafanyaje?