Hivi mnapataje tarehe ya kuonana na bingwa bila mtaa mzima kujua unaumwa nini?

BintiKigamboni:

Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana mimi nimechoka mpaka basi. Niko Dar, ndoa ina miaka kadhaa na mtoto bado, mwaka huu tukakubaliana na mume wangu tuache kunywa kila mizizi tunayoletewa na ndugu, twende hospitali tufuatilie kitaalamu. Kituo cha afya wakanipa rufaa nikaenda hospitali kubwa (jina naliacha, sitaki kesi), huko ndo nikajua foleni ni nini.

Unafika alfajiri unapanga foleni ya namba, ukitoka hapo foleni ya faili, ukitoka hapo dirisha la bima, wanakwambia mtandao unasumbua subiri, ukimaliza yote hayo ndo unaenda kukaa benchi la kliniki. Bingwa wa akina mama ana siku zake maalumu kwa wiki, na siku hizo hizo akiitwa tieta (chumba cha upasuaji) kuna mama kazidiwa basi mnatangaziwa rudini wiki ijayo. Sasa mimi nilitakiwa nipige kile kipimo cha mirija ya uzazi, unaingizwa rangi halafu unapigwa picha ya eksirei kuona kama imeziba, na kile hakipigwi siku yoyote tu unayojisikia, mpaka hedhi iwe imekata na yai halijapevuka, yaani kama siku ya 7 mpaka ya 10 hivi ukihesabu toka damu ilipoanza. Kwa hiyo wao wakisema wiki ijayo, kwangu mimi ni mwezi ujao. Miezi imepita hivyo hivyo, mara mashine mbovu, mara wa mionzi yuko likizo.

Haya, hayo ya kusubiri ningemeza. Kilichoniua ni pale dirishani. Kioo chote kimezibwa kimeachwa katundu chini usawa wa kiuno, usipoinama husikiki, na dada wa ndani asiposikia anakurudishia kwa sauti ya mnada "TATIZO HUSHIKI UJAUZITO AU?" Foleni nzima kimya, watu wanasikiliza vizuri kabisa. Mama aliyekuwa nyuma yangu hapo hapo akatoa simu anataka kunipa namba ya mganga wake yuko Bagamoyo.

Wifi yangu akasema ana shoga yake anafanya kazi pale, ngoja aongee naye nisogezewe tarehe. Kweli nikasogezewa, nikapiga kipimo. Sasa majibu yenyewe bado sijayachukua, napokea simu ya mama mkwe toka Tanga ananiuliza "mwanangu nasikia mirija imeziba, ni kweli?" Jamani!! Yaani mgonjwa ndo wa mwisho kujua.

Nauliza, nyie mnafanyaje? Kuna njia ya kumwona bingwa bila kupitia kwa mtu, na bila kusimulia tumbo lako mbele ya watu wote wale?

kaka_wa_tandika:

Pole sana dada. Ila hapo hukusogezewa bure, umelipa kwa siri yako. Ndo nchi yetu, kitu kiende fasta lazima umjue mtu, na yule mtu hawezi kukusaidia hujamwambia unaumwa nini, na yeye kwa sababu anasaidia anajiona na yeye ana hisa kwenye ugonjwa wako. Hela ya soda ingekuwa bei rahisi.

Swali langu lingine, mzee mwenyewe kapima? Maana nashangaa nyumba nyingi mwanamke ndo anazungushwa miezi na miezi, mwanaume yeye anasubiri majibu sebuleni. Kipimo chetu sisi ni chepesi kuliko chenu, unakaa bila kukutana na mkeo siku 2 hadi 7 halafu unapeleka mbegu maabara, haiingizwi rangi mahali wala hulali kwenye meza ya eksirei. Mimi nilipima. Ila na huko faragha ni zero, nilipewa kikopo na kijana wa maabara akanielekeza choo cha wagonjwa wote, mlango hauna komeo, nje kuna mzee anagonga "wewe humalizi?" Nilirudi nyumbani na kikopo kitupu. Baadae nikaenda maabara moja binafsi mbali na mtaani nikalipia, wana chumba chao na mlango unafungwa. Anza na hiyo, inawezekana mirija yako haina hata kosa.

chizi_maarifa:

Kwani kuumwa ni aibu?? Mnaficha ficha ndo maana mnakufa. Mi nikiumwa natangaza mpaka stendi

MamaTunu:

@chizi_maarifa ongea hivyo kwa sababu unaumwa malaria. Wenye dozi za maisha tunajua kwa nini tunaficha. Mimi natumia dawa za kufubaza VVU, na pale nilipokuwa nachukulia mwanzo jengo la CTC (kliniki yetu wenye VVU) limejitenga peke yake pembeni ya jengo la watoto, benchi liko nje, ukikaa pale hata dakika tano umeshajitangaza kwa kila anayeingia getini. Nilimkuta pale jirani yangu wa ukuta mmoja, tukaangaliana, hakuna aliyesalimia. Nikaomba uhamisho nikahamia wilaya nyingine kabisa, nauli ya daladala mbili kwenda, mbili kurudi, lakini roho yangu imetulia. Nashukuru nilivyokuwa imara wakaanza kunipa dawa za miezi sita, hapo ndo nilipumua, maana ile ya kila mwezi bosi wako ataacha kukuuliza unaenda wapi? Na lile kopo nalo, vidonge vinacheza ndani kama kayamba, ukiwa kwenye daladala mtu anageuka kukuangalia. Natia pamba juu.

Kwa hiyo wewe mwenye uzi usimsikilize huyo. Ya kwako ni ya kwako, ya mirija ni siri kama ya VVU ilivyo siri.

NesiWaZamu:

Nilitaka nipite kimya ila ngoja niseme maana kila siku tunasemwa sisi. Nafanya kazi hospitali ya rufaa ya mkoa, siyo Dar. Watu wanadhani bingwa anakaa ofisini anakunywa chai. Asubuhi yule mtu anaanza na taarifa ya usiku, kisha raundi wodini, kuna waliojifungua kwa upasuaji, kuna presha za wajawazito, akitoka hapo anaitwa tieta, halafu ndo ateremke kliniki, na wagonjwa wote wa siku ile wameambiwa saa mbili. Ile karatasi yako ya kurudi ina tarehe, haina saa, ndo shida inapoanzia. Mtu wa kwanza na wa mwisho wote wamefika saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu kila mmoja anaogopa namba zitaisha. Tungegawa watu kwa masaa hata nusu ya vurugu isingekuwepo, lakini ukisema kwenye kikao unaambiwa wagonjwa wenyewe hawafuati muda. Watafuataje muda ambao hawajawahi kupewa?

Sasa mambo ya kukusaidia. Pale dirishani hupaswi kueleza ugonjwa wako. Karani wa masjala anachotaka ni jina, namba ya faili na kliniki unayokwenda, basi. Mpe karatasi ya rufaa mkononi umwambie "kliniki ya akina mama", akiendelea kuuliza mwambie maelezo yako kwenye rufaa na mengine nitaongea na daktari. Usiiname, gonga kioo atoke. Wengine wanauliza kwa mazoea tu na wengine, nisifiche, ni umbea.

Chumbani kwa daktari ukikuta kuna mgonjwa mwingine nyuma ya pazia au wanafunzi wamejaa, una haki ya kusema naomba tubaki wawili. Mwanafunzi anatakiwa akuombe ruhusa. Watakununia kidogo, watazoea.

Na kipimo cha mirija usisubiri tarehe ya kliniki ndo uanze kuuliza. Daktari akishakuandikia fomu, siku ile ile unayoona damu nenda au piga simu chumba cha mionzi waandike jina kwenye daftari lao, wao ndo wanajua mashine inafanya kazi na nani yuko zamu. Wengi wenu mnakuja siku ya kumi na moja mnalia, hatuna la kufanya.

Huyo shoga wa wifi alichofanya ni kosa kubwa, sitamtetea.

wakili_wa_mtaa:

Nakazia hapo kwa Nesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, siyo sawa na namba ya simu. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Aliyevujisha akiwa daktari kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, akiwa nesi kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Karani siyo wa huko, kwa hiyo unaanza na mganga mfawidhi wa hospitali, kwa MAANDISHI, utaje tarehe, nani alisema nini kwa nani, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni pale ukutani achana nalo, lile funguo yake hakuna anayejua iko wapi.

@MamaTunu kwa upande wako kuna ulinzi mwingine tena wa siku nyingi, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008, mhudumu anayetoa majibu yako kwa mtu asiyehusika ana kesi.

Shida ya kesi hizi ni ushahidi. Mama mkwe atakubali kuandika aliambiwa na nani? Fikiria hilo kwanza.

MjukuuWaPate:

Poleni jamani, hata huku kwetu Mombasa mambo ni yayo kwa yayo. Mamangu ana kadi ya bima, alipoandikishwa hakuwa na simu basi ikaekwa namba ya ndugu yangu mkubwa. Sasa kila akienda hospitali ule ujumbe wa kuthibitisha waenda kwa simu ya kaka, lazima apigiwe aseme zile namba ndio mama atibiwe. Mama ana matatizo yake ya kike asiyotaka mwanawe wa kiume ayajue, afanyeje? Alikuwa akingoja kaka aende safari ndio aseme "leo sina mtu wa kunipa namba" arudi nyumbani. Mpaka dadangu alipogundua, ikabidi tumtafutie laini yake tukabadilishe. Sheria ya data nasi tunayo, ya 2019, lakini hapo sheria haikuvunjwa na mtu, ni vile ule mpango ulitengenezwa na mtu anaedhani kila mtu ana simu yake na hana la kuficha nyumbani.

Kwa hivyo dada hebu angalia namba gani iko kwenye kadi yako na faili lako. Kama ni ya mumeo sawa, lakini kama aliyekuandikisha ni wifi...

BintiKigamboni:

@MjukuuWaPate umenishtua. Nimekumbuka faili lilipofunguliwa nilienda na wifi, mtu wa karibu niliandika yeye na namba yake ipo. Kesho naenda kubadilisha naweka ya mume wangu.

@kaka_wa_tandika nimemsomea mzee comment yako, amecheka kwenye kikopo halafu akanyamaza. Jioni kasema atapima ila siyo wilaya hii. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Kuhusu kushtaki, mume wangu anasema tukiandika barua yule shoga wa wifi atafukuzwa kazi na nyumbani itakuwa ni vita, maana wifi ndo amemlea yeye mume wangu. Mimi roho inasema niandike. Bado tunavutana. Jana nimemwambia mama mkwe ukweli, kwamba majibu bado na yakitoka nitamwambia mwanae, yeye ndo atajua kama anamwambia mama yake au la. Alikata simu.

@NesiWaZamu na la mwisho dada yangu, fundi wa mionzi aliniambia picha haikutoka vizuri huenda nikarudia. Hiyo siku ya kwanza inahesabiwa toka ile kutoka matone au mpaka damu yenyewe?

NesiWaZamu:

Damu yenyewe. Matone usihesabu. Na toka hedhi ianze mpaka upige picha msikutane na mzee, wakikuuliza uwe na jibu, na wengine watakupima mimba kwanza hapo hapo. Muulize daktari kuhusu kidonge cha maumivu cha kumeza saa moja kabla, huwa kinauma kama tumbo la hedhi kali. Beba kanga yako na pedi maana ile rangi itatoka baadae. Majibu ukachukue mwenyewe, sahini mwenyewe, na kama kuna mtu anataka kukuchukulia "ili usisumbuke" mwambie ahsante nitasumbuka tu.