Uliwahi kutubu kwa kuogopa mwisho wa dunia? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na wasio wa salamu hiyo, habari zenu. Mnaikumbuka Mei 21, 2011? Mzee Harold Camping wa Marekani alitangaza kwenye redio ya Kikristo, Family Radio, kwamba siku hiyo ndiyo unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni. Ikapita. Akasogeza hadi Oktoba 21, nayo ikapita. Mwaka uliofuata akakiri alikosea. Sijaleta mada tumcheke. Nauliza hivi: walioingiwa na hofu wakatubu, toba yao ilibaki au iliondoka na tarehe? Leta kisa chako au ulichoshuhudia. Ubishi wa siku ya ibada, Jumamosi au Jumapili, una uzi wake.

Mtoto wa Genge
Desemba 31, 1999, wengi wakiamini mwaka 2000 ukiingia dunia inaisha. Mama alikuwa na genge, na daftari la madeni lilikuwa limenona kwelikweli. Mchana ule watu walipanga foleni kulipa, hadi deni la mafuta ya taa ya kupima. Jirani akarudisha pampu ya baiskeli tuliyokwisha kuisahau. Usiku mkesha ukafurika hadi nje ya kanisa, watu wanalia. Saa sita ikagonga, hata umeme haukukatika! Januari haijaisha, jirani huyo mlangoni: "Mama, ile pampu ipo?"

Mrombo
Sisi Wakatoliki hatupangi tarehe, lakini Kwaresima moja padri alihubiri Mathayo 25, kondoo na mbuzi. Akakazia kwamba Mfalme pale haulizi ulisali mara ngapi, anauliza habari za wenye njaa, wenye kiu na wageni. Baba alirudi nyumbani hasemi na mtu. Zamani, usiku mmoja, aliwahi kusogeza masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, akala mistari kadhaa ya kahawa ya mdogo wake, na tangu hapo walikuwa hawapeani mkono hata msibani. Wiki ile akayang'oa masale kwa mkono wake, akayapanda yalipokuwa mwanzo. Kisha akakata jani moja, akalifunga fundo, akalipeleka kwa baba mdogo. Wachaga wanajua, ukiletewa isale huwezi kumfukuza aliyelileta. Baba mdogo alilipokea bila neno, akamwita mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi.

Msabato Mkongwe
Sisi somo hili tulilipata mapema. Oktoba 22, 1844, wafuasi wa William Miller kule Marekani walimngoja Bwana hadi usiku ukaisha; wengine walikuwa wameacha viazi shambani bila kuvichimba. Wakalia mpaka kukacha. Baadhi ya waliobaki wakichunguza Maandiko ndio waliokuja kuunda kanisa letu, 1863. Tunafundisha hukumu ya upelelezi, kwamba vitabu vya matendo yetu vimekwisha kufunguliwa mbinguni. Kwa hiyo Mrombo, mzee wako hakuhitaji kutajiwa siku.

Dada wa Kilifi
Mniwie radhi, mimi sitachekesha. Mwaka 2023 huku kwetu Kenya, msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu, na watoto wakafungishwa pia. Jirani yetu aliuza mbuzi wake wote, akaenda bila kumuaga hata mamake. Watu wa Ninawi walifunga pia walipopewa siku arobaini, lakini someni Yona 3:10: Mungu alighairi alipoona matendo yao, kwamba wameiacha njia yao mbaya. Haikuandikwa kwamba alihesabu waliozimia kwa njaa. Mhubiri akikwambia uuze mali na umkimbie mzazi wako, hiyo si toba.

Mtoto wa Genge
Pole sana dada.
Mrombo, na ile kahawa mzee aliyovuna miaka yote? Zakayo alisema atarudisha mara nne.

Mrombo
Mara nne hapana mkuu, Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, hela anazo. Baba alitoa ndama. Baba mdogo akainama kumkagua, akasema huyu dume, yeye anataka jike. Walibishana hadi mbege ikaisha, na jike akapelekwa kesho yake.