MREJESHO: Yule mwalimu wangu wa hesabu nimempata

Wakuu habari zenu. Niliwaomba ushauri jinsi ya kumpata mwalimu aliyenifundisha hesabu msingi kule Kilosa, yule aliyekuwa anatubakisha jioni bila kudai hata mia na kuchora hesabu za sehemu kwa chaki sakafuni maana ubao ulishachakaa, na mi hesabu ndo zinanilisha mpaka leo, napima viwanja.

Mlioniambia nianzie shuleni, nilienda ikagonga mwamba, walimu wote wapya. Ofisi ya elimu nako ni njoo kesho njoo keshokutwa nikachoka. Kilichofanya kazi ni kuuliza wastaafu wenzake, mama mmoja aliyefundisha naye akanipa namba ya bintiye, kumbe mzee yuko Gairo analima mahindi na alizeti.

Basi nikaenda. Shikamoo mwalimu, marahaba, akaniangalia weee, hakunikumbuka kabisa na nisiwadanganye iliniuma. Ila nilivyomwambia kazi yangu akaokota kijiti akaandika swali chini, lina mabano na kugawanya na kutoa, nikalipiga kwa MAGAZIJUTO, yaani ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akaweka vema kubwa anacheka mwenyewe.

Bahasha kaikataa katakata, kwahiyo ushauri wa hela mkononi ulifeli. Kasema kama nataka kutoa ninunue madaftari ya watoto wa jirani anaowafundisha barazani kwake, nishayatuma na basi jana.

Asanteni sana, hasa uliyesema nitafute wastaafu, we mtu ubarikiwe.